Mwizi wa Ghorofa ya Kwanza

Itangazwe kwa wakazi wote wa jengo letu hapa Bishkek, wenye akili na wasio nazo: mmea wa karani wa ndoa wa ghorofa ya tatu umetoa jani la tisa, nusu jeupe, nusu kijani. Karani huyafuta majani hayo kwa pamba na maziwa, kwa vidole vilevile vinavyowagongea maharusi mihuri. Nje theluji inapiga dirisha. Ndani birika linachemka kwa ajili ya mmea tu, upate mvuke, nao unakwea kigingi alichokivika kipande cha zulia la sufu la marehemu mama yake. Wageni hupewa chai baadaye, kama maji yamebaki. Burul wa ghorofa ya kwanza ameutamani mmea huo kwa vipupwe vitatu.

“Dada, nigawie tawi.”

“Tawi la kupewa hufa. La kuibwa ndilo hushika.”

“Kwa hiyo nikuibie?”

“Mwizi haombi ruhusa, Burul.”

Karani akaenda jikoni kuosha bakuli za chai zilizokuwa safi, akizigonganisha kama mpishi wa harusi. Burul akanyofoa jani kubwa kuliko yote, akalisokomeza kwenye mkono wa koti. Akaaga bila kushukuru, maana shukrani nayo huua mmea. Mlangoni karani akautazama ule mkono uliovimba.

“Hilo jani tupu, halina kifundo. Mizizi itatokea wapi? Kaa chini, nikaoshe vijiko.”