Pamba Masikioni Siku ya Fainali ya Drafti

Mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa sokoni hapa Mbugani navuta kanga mpaka usoni, maana wauza mchele wa pale mlangoni wakiniona tu wanajiziba masikio kwa vidole na kuangua kicheko, nami nacheka nao, nifanyeje, aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu miwili.

Mimi nina saluni ya kusuka. Jirani yangu Zuhura anauza vitenge (babu yake alitokea Tanga, lakini yeye kazaliwa hapahapa na Kinyakyusa anaongea kunishinda mimi), na kila alasiri wateja wakipungua tunacheza drafti barazani kwa vizibo vya soda. Ni miaka sita sasa, na mngetuuliza nani kamfunga mwenzake mara nyingi tusingejua, kwa sababu Zuhura akicheza haachi kuongea, kete zake anazisema kama watu, “huyu mama mkwe, mpishe apite,” mimi nabaki nimeshika mbavu, nikizinduka kashapata kingi.

Basi yakaja mashindano ya wanawake ya kata, mshindi aende kucheza kule kata ya Ipyana, na sijui pepo gani lilinipanda, tukashinda wote wawili mpaka tukakutana fainali. Asubuhi ile nikajiambia, leo akinichekesha nimekwisha. Nikachukua pamba ya saluni, nikaviringisha vidonge viwili, nikasokomeza masikioni, nikafunga kilemba juu. Jamani, kimya kile! Nikajiona bingwa tayari.

Nimekaa mezani, macho kwenye ubao, napanga mashambulizi, mara namwona Zuhura kasimama. Nikadhani anataka kunivuruga. Nikamwambia (na mtu aliyeziba masikio hajui sauti yake inafika wapi), “Kaa chini Zuhura! Leo nazila zote, haibaki hata moja!”

Hakukaa. Nikainua macho, ukumbi mzima umesimama, vichwa vimeinama, mchungaji pale mbele amefumbua jicho moja ananitazama. Nikasema moyoni, kumbe wananiogopa.

Tukaanza. Mdomo wa Zuhura unakwenda, mimi natikisa kichwa kama mtu mwenye akili nyingi. Ikafika mahali akanyoosha kidole kwenye kete zake mbili, ananionyesha, macho kayatoa. Mtego huo, nikawaza, nikacheza kwingine. Akashika kichwa. Mwamuzi wetu, Mwalimu Ambokile, mwalimu mstaafu, akainua kidole kimoja. Nikatabasamu. Baadaye akainua viwili, nikatabasamu tena. Alipoinua cha tatu watu wakapiga makofi, basi nikajua nimeshinda, nikasimama, nikacheza, nikazunguka meza nikipunga mikono, “Ndaga fijo! Asanteni sana wana Mbugani!” na kadiri walivyozidi kucheka ndivyo nilivyozidi kukata kiuno.

Mwalimu akanijia, midomo inacheza. “Eeh?” nikamwuliza. Akarudia. “Eeh?” Hapo nikakumbuka, nikaingiza kidole nitoe pamba, nikaisukuma ndani zaidi, na ya upande wa pili vilevile, maana nilishapaniki.

Zuhura ndiye aliyenivua kilemba mbele za watu wote, akanikalisha, akapekua mkoba wangu akatoa kibanio cha nyusi, akawasha tochi ya simu. Sikio la kulia likatoka pamba, makofi. La kushoto, makofi na vigelegele, hivyo nikavisikia vizuri mno.

“Shoga, nilikuwa nakwambia unile zile mbili pale!” akasema. “Sheria yao usipokula mara tatu umefungwa. Mwalimu kakuonya, we unacheka tu.”

“Sasa unanionyeshaje, na sisi tuko fainali?”

“Kwani utamu uko wapi mwenzangu akiwa haoni?”

Kisha akaniinamia, akaninong'oneza kwamba pale waliposimama walikuwa wanamkumbuka mzee aliyechonga zile mbao za drafti, aliyezikwa juma lile, na mjane wake ndiye yule wa mstari wa mbele. Nikaenda nikapiga magoti kwake, machozi yananitoka, nikasema, “Mama, nisamehe, sikusikia.”

Akanishika kichwa. “Inuka mwanangu. Marehemu naye kwenye drafti alikuwa anapiga kelele hivyohivyo. Tangu tumzike, leo ndiyo nimecheka.”

Zuhura alikwenda Ipyana, nikamsindikiza, akafungwa mchezo wa kwanza kabisa na binti mmoja mkulima wa kakao, akarudi kwangu anameremeta utadhani kabeba kombe. “Mtamu huyo kucheza naye! Nimemwambia Jumamosi aje barazani kwetu.” Akaja, akatufunga wote, akacheka kuliko sisi. Mashindano mengine yakija nitakwenda, nitakaa na watazamaji, nitapiga makofi pale wenzangu wanapopiga, na nitahakikisha kwanza yanapigwa kwa ajili ya nani.