Damu Chooni, Lawama Jikoni

Chupa ya kwanza ya achari ilipasukia ukutani, karibu na sikio langu. Ya pili ilinipiga begani. Mavyaa, mamake mume wangu, alikuwa amesimama katikati ya jiko letu la Mji wa Kale, buibui limemteremka mabegani, akivurumisha kila kilichokuwa rafuni: ndimu, embe, pilipili za kusaga, mpaka kopo la bizari.

"Nambia! Umemtilia nini mwanangu? Yuwafa, waona!"

Mwanawe alikuwa chumba cha pili, amejikunja kitandani. Ana ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, ule wa kudumu, unaolala na kuamka. Safari hii ulikuwa umeamka kwa ghadhabu. Kila akienda chooni ilitoka damu, na usiku alikuwa akiuma mto ili asipige kelele.

Matata haya yalianzia kwenye dawa. Alipougua mara ya kwanza alipewa vidonge vyenye salfa, mwili ukavikataa. Midomo ilifura, ngozi ikambambuka, tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk pumzi zikimkata. Daktari alimbadilishia dawa, kisha akatuonya mimi na mume wangu: salfa asiiguse tena maishani, na vidonge vya kutuliza maumivu ya viungo avikimbie, kwa kuwa vinaweza kuamsha utumbo uliotulia. Chakula, alisema, kila mtu na tumbo lake, tuangalie kinachomdhuru. Tangu hapo mavyaa alimlinda mwanawe kama mboni ya jicho. Kila nilichopika alikinusa kwanza. Nami nilipika vya mgonjwa hata nikavichukia: wali laini, samaki wa kuchemsha, uji. Zile achari zilikuwa zangu za kuuza, mume wangu hakuzionja.

Nilimwambia mavyaa kuwa hakuzionja, lakini nani wa kunisikiliza? Wifi yangu, aliyekuja mbio kutoka Tudor, alinikamata nywele akanigongesha kichwa mlangoni.

"Mchawi wee!"

Mimi si mtu wa kupigwa nikatulia. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu, tukaanguka pamoja juu ya vigae vya chupa. Majirani waliokuja kutuachanisha walikuta sakafu nyekundu, haijulikani ipi damu, ipi pilipili.

"Akipona, talaka yako," mavyaa aliniambia huku akitweta. "Asipopona, polisi."

Niliogopa, sikatai. Nilimpenda yule mwanamume, na sikuwa tayari kutolewa kwake kwa jina la muuaji. Nilitega sikio chumbani, nikingoja aseme lolote la kunitetea. Hakusema kitu.

Siku mbili baadaye damu haijakoma, tukampeleka hospitali. Mavyaa na wifi walibaki nje ya mlango, mimi nikaketi kando ya kitanda, kichwa kimenivimba. Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine aliyokuwa akimeza.

"Hakuna," nikajibu.

Mume wangu alitazama dari. Daktari akarudia swali, akimwelekea yeye.

"Mgongo ulikuwa waniuma," alisema hatimaye. "Kule ofisini Kilindini nakaa kutwa. Mama akawa anipa vidonge vyake vya goti. Kila asubuhi."

"Ulijua umekatazwa?"

"N'lijua. Mama hajui."

Daktari alitikisa kichwa, akasema huenda hivyo ndivyo vilivyouamsha utumbo, na visimezwe tena hata kimoja. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza.

"Na juzi, jikoni," nikamuuliza mume wangu, kwa upole ulionitisha mwenyewe, "ulisikia?"

"N'lisikia."

"Ulisikia nikigongeshwa kichwa?"

"Sasa ningemwambiaje mama? Kuwa yeye ndiye aniuae?"

Kofi lilitoka kabla sijalifikiria. Nilimpiga mgonjwa, na sindano ya maji iko mkononi mwake, mbele ya daktari, na sikuona haya. Mavyaa alisikia mlio, akaingia, akanirukia shingoni. Kucha zake zilikuwa zimeshaniingia nyamani mume wangu alipoinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mama, mwache!"

Mavyaa aliniachia papo hapo, akarudi nyuma. Ikawa basi. Maneno mawili tu, na kumbe alikuwa nayo siku zote.

Nilijifunga buibui langu, nikashuka ngazi za hospitali hadi barabarani, nikaenda kwa mamangu. Talaka niliidai mimi.