Mtaa Uliojua Kusema na Binti Yangu

Watu wanaotafuta nyumba ya kupanga huku wilaya ya Kasese, Uganda, huuliza kodi, maji na choo. Sisi tulikuwa na swali moja zaidi, na hilo ndilo lililotuchosha: nani hapa ataongea na binti yetu? Mtoto wetu alizaliwa kiziwi.

Wakati huo tulikaa Bulembia, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, na mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Kodi ilikuwa nafuu kwa sababu ambayo kila mtu aliijua, nayo ni mto. Mvua ikinyesha milimani tulilala na viatu miguuni, tayari kukimbia mafuriko. Lakini majirani kama wale sijawapata tena. Bila kufundishwa na yeyote, mtaa mzima ulijitungia ishara za kusema naye. Baba yake alikuwa kufikicha macho, kwa ajili ya lile vumbi la saruji. Mimi nilikuwa vidole vinavyofumba na kufumbua kama mdomo wa bata, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Hata muuza mandazi aliweza kumwambia leo yamekwisha, njoo kesho.

Shule ndiyo haikuwapo. Ile ya karibu ilimweka dawati la nyuma, akachora kuku mwaka mzima. Kisha mto ukabeba jiko letu na nusu ya ukuta, na mume wangu akasema basi.

Kwanza tulikwenda Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Nyumba ilikuwa na uwanja mpana, kodi ya chini, na mwenye nyumba alikuwa mama anayeuza nyanya sokoni.

"Mutoto hasikii, hiyo haina shida," aliniambia. "Huku soko iko na watu wa luga mingi. Tunauziana na vidole tu."

Akamwonyesha binti yangu bei kwa vidole vitano. Binti akamkunja kimoja, wakacheka wote wawili. Moyo wangu ulitaka kubaki pale pale. Lakini shule yenye darasa la viziwi ilikuwa Kasese mjini, na kumpeleka mtoto mdogo bweni nilikataa katakata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukainama.

Mjini kodi ilikuwa mara tatu ya Bulembia. Mwenye nyumba, mwanajeshi mstaafu, alitupa amri badala ya kutukaribisha.

"Geti inafungwa saa moja. Kelele mimi hapana taka."

"Huyu mtoto hana kelele, afande," mume wangu alijibu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Majirani wa pale nawajua kwa magari yao. Wiki ya kwanza binti alipita mlango kwa mlango akipunga mkono. Mwanamke mmoja alidhani anaomba, akampa biskuti na kufunga mlango. Nilipandwa na hasira, nikataka kuirudisha ile biskuti, lakini mtoto alikuwa ameshaila.

Shule yenyewe sina la kuilaumu. Alijifunza lugha ya alama hasa, akawa anarudi na mikono inayokimbia. Wazazi tulialikwa kujifunza kila Jumamosi, lakini mume wangu alikuwa na zamu, na mimi nilikuwa nimefungua kibanda cha chai ili ile kodi ipatikane. Nilihudhuria mara mbili tu.

Pasaka tulimpeleka Bulembia kusalimia. Watoto walimkimbilia na ishara zao za zamani. Yeye akawajibu kwa zile mpya, mbio mbio. Walimwiga kidogo, wakacheka, wakarudi kwenye mpira wao. Niliumia sana siku hiyo, na bado nilijidanganya kwamba mimi mama yake ninamwelewa.

Juzi alirudi kutoka shule akilia. Alisimama mbele yangu akanieleza jambo refu, mikono ikipanda na kushuka, akijipiga kifua, akianza upya. Kuna mtu alikuwa amefanya kitu. Nilikisia, nikakosea, nikakisia tena. Nilimwita baba yake, naye hakuambulia neno.

Binti alitutazama kwa muda. Akajifuta machozi. Kisha akanyoosha kidole kwenye sufuria, akakigeuza tumboni kwake, polepole, kama tunavyosema na mgeni asiyejua lugha yetu. Nikampakulia chakula. Kilichomliza sikukijua, na bado sikijui.