Nilimjibia Binti Yangu

Kosa ni langu, wasomaji, msimtafute mwingine. Mke wangu alinionya, nikamwambia anyamaze. Nalileta kwenu bila jina kwa sababu uso wa kulisimamia sina.

Nakaa upande wa Kinampanda. Kusoma nimesoma misimu miwili kwa katekista, na msimu wa pili nilichunga punda wake kuliko kushika kibao. Punda yule alikuwa anauma watu, tena anachagua... lakini tumwache punda.

Nina binti. Mdogo wake alipokufa kwa surua, moyo wake ulivurugika. Chakula hagusi, usingizi hapati, mchana anatoka anazunguka porini peke yake. Na miaka ile, jamani, huko kwa jirani zetu Wanyaturu kulikuwa na maneno ya watu wanaovaa ngozi za simba na kuua wenzao. Mtu akionekana ovyo porini, anaanza kutazamwa vibaya. Nikaogopa. Nikamfunga mguu kwa kamba, chumba cha ndani cha tembe, pamoja na ndama. Siku nne! Mwanangu wa kumzaa!

Mama yake alimfungua, akampeleka dispensari. Nesi wa pale na karani wa baraza la mtemi walikuwa wameanza jambo geni: kila Jumatano vijana wenye taabu ya moyo wanakuja na wazazi wao. Sharti ni kwamba kijana anasema kwanza, mzazi anakaa nyuma yake anasikiliza. Kisha wote wanapatana nyumbani kufanyike nini, dispensari ifanye nini, na baraza lisaidie wapi.

"Tangu lini ndama akamwonyesha ng'ombe njia ya maji?" nikamwuliza mke wangu.

"Wewe ukikohoa humu ndani hata jogoo anangoja ruhusa," akanijibu. "Jumatano moja tu, mume wangu, usikohoe!"

Nikaenda. Kijana mmoja akasema mjomba wake anampiga mpaka anatamani kufa. Mjomba yupo nyuma yake, anasikia! Akainamisha kichwa, wakapatana, karani akaahidi kupita kwao kuwatazama. Niliona kwa macho yangu kwamba jambo lile linafaa. Ndiyo maana sina la kujitetea.

Ikafika zamu yetu. Nesi akaona kovu. "Mguu umepatwa na nini, binti?"

Akasimama. Siku nyingi alikuwa hajasema neno mbele za watu. Akafungua mdomo: "Baba ali—"

Nikakohoa. "Kamba ya ndama ilimnasa," nikasema. "Huyu hata kufunga ndama hajui! Nani atamwoa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi!

Akanigeukia, akanitazama, akakaa chini. Nesi akasema, "Mzee, sikukuuliza wewe." Nikaona nimedharauliwa. Nikamshika binti mkono tukaondoka, na sikumrudisha tena.

Mwezi haukuisha akatorokea kwa shangazi yake, Kiomboi. Dada yangu huyo ni msemaji kuliko mashine ya kusaga. Lakini alimpeleka hospitali ya huko, ambako nako vijana husema kwanza, akakaa nyuma yake, akaufunga mdomo wake mpaka binti akamaliza yote. Ya kamba. Ya siku nne. Ya kicheko changu.

Amepona. Siku hizi yeye ndiye anayewapokea vijana wanaoletwa pale na wazazi wao. Wananisimulia watu jinsi anavyocheka nao, na anavyowaweka wazazi nyuma.

Baada ya mavuno nilimfuata na mbuzi wa kuomba radhi. Sasa jueni hili: nyumbani kwetu Kiswahili hatukisemi. Mimi na mwanangu, tangu aanze kutamka, ni Kinyiramba chetu tu.

Alinikuta mlangoni pa hospitali. Akapiga goti, kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikasema. Nikasimama pale nimeshika kamba ya mbuzi, nangoja Kinyiramba kije.

"Karibu kiti," akasema, kwa Kiswahili kilekile. Akaingia ndani kwa vijana wake.

Ole wangu! Ninyi wenye watoto, wakiitwa waseme yaliyowapata, kaeni nyuma yao. Mkisikia aibu inawapanda kooni, imezeni, hata ikiwakwaruza! Mimi nilikohoa mara moja tu, na leo mwanangu ananiamkia kama mpita njia.