Fundi wa Awendo Asiyeamini Feni

Saa tatu asubuhi, malori ya miwa yamekwisha kuipaka Awendo vumbi, na Irine amepiga magoti mbele ya kibanda chake. Mbele yake ipo pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachoilisha kompyuta ya mezani umeme. Anaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Feni iliyo ndani yake inazunguka.

"Yawa, imepona!" anashangilia Marcella, mjane aliyeileta. "Rudisha basi, nyathina, mwanangu, tuwashe."

"Bado, mama. Feni si kitu. Hata mgonjwa anaweza kupunga mkono."

Mafundi wengi huishia hapo kwenye feni. Irine, mwenye miaka ishirini na tisa, hathubutu. Kazi hii, ambayo siku nyingine humrudisha nyumbani na nauli tu, anaifanya kwa taa kuukuu za pikipiki anazopewa na mafundi wa bodaboda. Anaunga moja kwenye waya wa njano. Inawaka, inafifia, na mita yake ya kupimia umeme inashuka kutoka volti kumi na mbili hadi tisa.

"Ikiwa mikono mitupu, inajigamba," anasema. "Ipe mzigo ndio utaijua. Hii ingeua diski yako."

Marcella anashika kifua. Ndani ya diski hiyo mna sauti ya marehemu mumewe, Zablon, aliyekuwa akifundisha kwaya na kurekodi mazoezi. Hakuna nakala kwingine. Kompyuta ilizimika wiki ya matanga, na tangu hapo sauti ile imeanza kumpotea kichwani. Hilo linamtisha kuliko kaburi lenyewe.

Irine anachomoa pawasaplai nyingine kutoka kompyuta nyingine iliyokufa kibandani, anaitwisha taa mbili, kisha anamwagizia Marcella chai. Chai inaisha, taa hazijatikisika. Sasa ndipo anaifunga kwa skrubu ndani ya kompyuta ya Marcella.

Kompyuta inaamka polepole. Faili inafunguka, mtu anakohoa, halafu: "Sauti ya kwanza, rudieni. Marcella, umechelewa tena."

"Nimekuja, Zablon," Marcella anajibu huku akicheka, na machozi yanamtiririka mbele ya wapita njia. Irine anasimama kati yake na barabara, amkinge.

Ukimwuliza Irine anataka nini maishani, hataji mashine wala gari. Anataka duka la matofali.

"Lenye chumba cha nyuma, chenye mlango," anasema taratibu. "Mtu akisikia sauti ya mtu wake, apate pa kulilia."