Mchanga wa Al Warqa Niliomwagia Maji

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, kwa sababu najua mlishasikia kwamba mimi Phanice ndiye niliyejaza matope uchochoro mzima wa Al Warqa, mahali ambapo mvua yenyewe ikinyesha watu hupigiana simu. Ni kweli, niliaibika, tena mbele ya wanawake waliovaa dhahabu mpaka viwikoni, lakini msitarajie niinamishe kichwa.

Miaka ile treni ya Dubai ilikuwa haijaanza, na Al Warqa ilikuwa nyumba kubwa, kiwanja kitupu, nyumba nyingine, kiwanja tena, kwa hiyo upepo ukivuma, mchanga wote wa viwanja hivyo unahamia vichochoroni. (Binamu yangu aliyeko Kanada husukuma theluji mlangoni kila msimu wa baridi, akipiga simu ni kulia tu, mimi humwambia theluji angalau huyeyuka.) Alhamisi moja tuliamka tukakuta mchanga umeegemea lango letu la pembeni hata halifunguki. Na lango hilo ndilo la wageni wa kike, wanaume huingilia mbele, na siku hiyo wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kumwona mdogo wake Madam, bosi wangu niliyemfanyia kazi za nyumbani.

Madam akatoka na simu sikioni, akanionyesha uchochoro. "Fanis, wote huu, safi kabla ya Alasiri. Usipomaliza, kesho hakuna kutoka. Yalla."

Kesho ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku yetu ya kanisa huko, maana ndiyo mapumziko ya wiki. Nilikuwa nimeomba ruhusa tangu Krismasi, hatimaye nimepewa, tena kwaya ilikuwa imenichagua mimi kuanzisha wimbo. Kwa hiyo mjue nilishika ufagio kwa moyo gani.

Sasa, kwetu Vihiga hakuna msichana aliyelelewa anayefagia uwanja bila kunyunyiza maji kwanza ili vumbi litulie. Ukifagia pakavu unaulizwa kama unataka kuwaua watu kwa kifua. Nikavuta mpira wa maji. Bi Salma, mpishi wetu, mama wa Unguja aliyekuwa Dubai tangu sijazaliwa, akachungulia dirisha la jikoni.

"We Phanice, wafanya nini? Mchanga huo huzolewa kwa beleshi, haunyunyizwi!"

"Bi Salma, wewe kaanga sambusa zako. Kufagia niachie mimi."

"Haya. Mie simo."

Nikanyunyiza. Mchanga wa kule ni laini kama unga, juu ukalowa, chini ukabaki mkavu, nikipitisha ufagio vumbi linanirukia puani, nikaona dawa ni kuongeza maji, nikauacha mpira ukimwaga huku nikikimbilia ndani kwa sababu Madam alikuwa ananiita nipange vikombe vya kahawa, na baada ya vikombe ikawa mito, na baada ya mito ikawa udi wa kufukiza, na hapo (niaminini) mpira nilikuwa nimeshausahau kabisa.

Niliukumbuka niliposikia honi. Wageni walikuja mapema! Nani huja mapema mji ule? Gari kubwa jeupe lilikuwa limeingia uchochoroni na magurudumu yamezama kwenye uji mzito, maana hapakuwa na mtaro wa kupeleka maji popote. Nikatoka mbio, nikaenda nyuma ya gari kusukuma (hilo nalo sikulifikiria), dereva akakanyaga mafuta, gurudumu likazunguka, na yote yaliyokuwa chini yakaja kwangu: machoni, mdomoni, kwenye nywele nilizosuka kwa ajili ya kanisa. Nikateleza nikakaa chini, chubwi! Kugeuka, kumbe Madam alikuwa amesimama nyuma yangu na abaya yake mpya, nayo imepata fungu lake.

Madirisha ya gari yakashuka, majirani wakachomoza vichwa juu ya kuta. Madam akasema polepole, "Khalas. Kesho hakuna."

Ningelia, lakini hasira iliwahi machozi. Nikasimama, matope yananichuruzika, nikasema mbele ya wakwe wote: "Madam, uchochoro huu nitausafisha sasa hivi kwa mikono yangu. Lakini Ijumaa ulinipa kabla upepo haujavuma. Ijumaa sirudishi."

"Yarabi toba," nikamsikia Bi Salma dirishani.

Sikungoja jibu. Nilichukua karai nikaanza kuzoa, na huku nazoa naimba ule wimbo wangu kwa sauti ya juu kabisa, nione nani ataninyamazisha. Wageni wakapitishwa mlango wa wanaume na dhahabu zao, bibi mmoja akicheka mpaka akashika ukuta. (Posa haikuharibika, na sambusa walizimaliza.) Alasiri ilipoadhiniwa mgongo ulikuwa umekatika, lakini uchochoro ulikuwa safi.

Ijumaa asubuhi nilivaa sare ya kwaya nikaenda kusimama sebuleni bila kuomba chochote. Niliogopa, nisiwadanganye, pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa Madam. Madam akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Rudi kabla ya Magharibi," akasema, akaendelea na televisheni yake.

Nikafika kanisani, nikasimama mbele ya watu wote, nikafungua mdomo, sauti hakuna! Vumbi na makelele ya jana yalikuwa yameimaliza. Kilichotoka ni mkwaruzo, na kanisa likaangua kicheko, mchungaji naye hakujizuia. Nikajaribu tena, wakacheka tena. Mara ya tatu sikuwapa nafasi, nikaanzisha hivyo hivyo na mkwaruzo wangu, nikiwakazia macho, mpaka sauti ya pili ikaingia, besi ikafuata, wimbo ukaenda.

Mchanga wa Dubai simwagii maji tena, hilo naapa. Lakini wimbo ule niliuanzisha mimi, na wote waliocheka waliuitikia.