Jicho Lililovimba Linaona

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu, jamaa na abiria wangu wote kwamba masharubu yangu hayatanyolewa hadi uvimbe wa mdomo upungue. Mniwie radhi. Admin, jina usiliweke, bajaji yangu inajulikana Buzebazeba nzima.

Mimi ni baba wa miaka 51, mzaliwa wa Ujiji, sura ya kawaida hata kabla ya ajali. Kila asubuhi nawapeleka shule watoto wa majirani. Majuzi mimi na mke wangu tulimtembelea shemeji yangu kule Bangwe, anauza mafuta ya mawese, nikadondoka nikitoka barazani kwake. Shavu la kushoto likagonga saruji, mdomo ukavimba, jicho nalo likavimba likafumba. Wote nimewaambia niliteleza kwenye mawese. Mke wangu naye anawaongezea wageni, "Baba Asha akisikia harufu ya ubwabwa hatazami chini."

Hospitali daktari alikuwa binti, rika la mwanangu wa kwanza. Akanibonyeza kuzunguka jicho, akanipitishia pamba shavuni. "Mzee, unasikia?" Sikusikia kitu. Akasema huenda mfupa umepasuka, nisipenge kamasi, nisubiri picha. Mke wangu akatoka kunitafutia maji.

Daktari akafungua kope taratibu, akainua vidole. "Vitatu," nikasema. Akafurahi.

"Sasa hilo lingine."

"Hilo halijaguswa, mwanangu."

"Najua, mzee. Tunapima yote."

Akalifunika la kushoto kwa kiganja chake. "Vingapi?"

"Viwili."

Akaondoa kiganja. "Sijainua mkono, mzee."

Akaniambia hilo la kulia halikuharibika leo, limekuwa likififia polepole na mwenzake akilibeba. Niende kliniki ya macho, na bajaji niiache kwanza. "Mama utamwambia wewe, au nimwambie mimi?" Nikasema mimi.

Mpaka leo sijamwambia. Mkiniuliza kama naogopa, sijui. Niko kama hili shavu: uji unachuruzika hadi kidevuni na sina habari, mpaka mke wangu anifute. Anasema Jumatatu nikianza kazi nivae kofia, nisiwatishe watoto wa watu. Majirani nao wameshaulizia lini nitaanza kuwapeleka watoto wao.

Nishaurini wenzangu, nianzie wapi, kwake au kwa wazazi wa wale watoto? Maana ukweli ni huu: hakukuwa na mawese. Baraza lilikuwa kavu, limefagiwa. Ngazi ilikuwa upande wangu wa kulia, mchana kweupe, na mimi sikuiona.